Kidukari akizaa: nilivyompiga picha kwa lenzi iliyogeuzwa

Kwaresima ni msimu wa njaa kwa mpiga picha wa harusi. Hapa Tabora nilikaa wiki nzima nikiambulia picha za pasipoti tu, nikaanza kuzikodolea macho kunde za mama mwenye nyumba. Majani yalikuwa yamejaa vidukari weusi, na sisimizi wakipanda na kushuka kufuata ule utamu wanaoutoa vidukari nyuma.

Lenzi maalumu ya wadudu bei yake inanipita kimo. Nilichokuwa nacho ni lenzi kuukuu ya milimita 50, ile yenye pete ya kufungua na kufunga tundu la mwanga kwa mkono. Ukiigeuza, mgongo wake ukamtazama mdudu, inakuza vizuri sana. Nilichukua kifuniko cha plastiki cha kuzibia mdomo wa kamera, nikakitoboa katikati kwa kisu cha moto, nikagundisha fremu ya chujio la lenzi lililovunjika kioo, kisha nikaifungia lenzi hapo. Gundi ya kwanza, ya viatu, iliachia. Lenzi ikaangukia tope. Ya pili, ile ya kuchanganya mirija miwili, imeshika mpaka leo.

Taabu ikaanzia hapo. Ukiwa karibu namna ile, sehemu inayotoka safi haifiki hata milimita moja: jicho likionekana, miguu ni ukungu. Pete ya fokasi haina kazi tena. Unasogea mwenyewe mbele na nyuma, na pumzi moja inaharibu kila kitu. Stendi ya miguu mitatu ilinipotezea siku mbili bure. Kamera ilitulia tuli, jani likawa linacheza na upepo!

Dawa niliipata kwa bahati. Nilishika kikonyo cha jani kwa mkono wa kushoto, nikachoka, nikalaza lenzi juu ya mkono huohuo. Kumbe nikitikisika, jani na lenzi vinatikisika pamoja. Toka siku hiyo stendi imelala uvunguni.

Mwanga nao una mambo yake. Tundu nalifungua wazi nikitafuta, halafu nalifunga hadi namba 11 ya pete kabla ya kubonyeza. Nilijaribu 16, tundu dogo zaidi, kwa tamaa ya kuongeza sehemu inayotoka safi, picha nzima ikalegea. Flashi tupu inaufanya mgongo wa kidukari ung'ae kama sufuria mpya, kwa hiyo nilikata kidumu cheupe cha mafuta ya kula nikaivisha. Na ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawachangamsha.

Mama alinikuta nimepiga magoti kwenye umande.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini?”

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera: kidukari jike anazaa, kitoto kinatoka kinyumenyume, miguu bado imekunjwa. Nikamweleza kwamba hawa hawatagi mayai msimu huu wala hawahitaji dume, na kwamba kitoto chenyewe kitaanza kuzaa baada ya wiki moja hivi.

Aliiangalia picha muda mrefu, miwani ikiwa juu ya paji.

“Ndiyo maana hawaishi,” akasema.

Kesho yake alfajiri nilitoka na kamera yangu, betri imejaa, nikakuta kunde zote zimemwagiwa majivu.