Mwaliko wa bethidei, mwaka 100 hivi

Leo sikuwa na zamu, nikapitia British Museum hapa London.

Mnaonijua mnaujua ugonjwa wangu: riwaya za Roma ya kale. Majeshi, mapanga, maseneta wakichomana visu. Mume wangu ananiita Mama Kaisari 😂

Basi nikafika kwenye vibao vya Vindolanda. Vipande vya mti vyembamba kama kadi ya harusi, wino umefifia, vilifukuliwa kwenye tope la ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza.

Kimoja ni cha Claudia Severa, mke wa ofisa wa jeshi. Anamwalika shoga yake, Sulpicia Lepidina, naye mke wa kamanda, aje kwenye bethidei yake. Tarehe 11 Septemba.

Barua yenyewe kaandikiwa na karani, mwandiko umenyooka.

Ila pale chini kulia, mwandiko unabadilika. Herufi zinahangaika kidogo. Severa kachukua kalamu mwenyewe: nitakungoja, dada.

Soror, ndiyo dada kwa Kilatini. Kisha anarudia tena, kwaheri dada, roho yangu. Kama meseji zetu tu za usiku!

Nilisimama pale hadi kundi la watoto wa shule likanipita mara mbili. Riwaya zote nilizosoma, hakuna vita iliyonikaba koo hivi.

Kinachonisumbua sasa, niko kwenye treni narudi: Lepidina alikwenda kweli? Mimi nasema alikwenda, tena kwa matope hadi magotini.

Nyie mnasemaje? Au alituma udhuru kama mnavyonifanyia mimi? 😏