Dola 250 za kukata thredi kwenye mtutu wa bunduki yangu

Sikio langu la kushoto lilianza kulia katika msimu wangu wa tano wa kuwinda. Mlio mwembamba, kama mbu aliyenaswa ndani ya neti, haukatiki hata usiku. Daktari alipomaliza kunipima aliniuliza swali moja tu: unapiga bunduki? Kwa anayelengea bega la kulia kama mimi, sikio la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu, kwa hiyo huumia kwanza. Bunduki ya .308, yaani ya risasi yenye kipenyo cha inchi 0.308, hulipuka kwa desibeli 160 na ushei, na mlio mmoja wa desibeli 140 tayari unahesabiwa kuwa hatari kwa masikio.

Ningeweza kuvumilia, lakini binti yangu ametimiza miaka 13 na anataka twende wote porini kuwinda kulungu. Sikuwa tayari kumrithisha mlio huu. Nikaamua kununua sailensa, kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu kupunguza mlio.

Hapa Texas ninakoishi sailensa ni halali, hata kwenye uwindaji. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 iliweka kodi ya dola 200 kwa kila moja, na tangu tarehe 1 Januari 2026 kodi hiyo imeshushwa hadi sifuri. Fomu, picha na alama za vidole bado zipo. Nikaona mzigo umepungua, nikasahau jambo la msingi: mtutu wangu haukuwa na thredi, yaani mikato kama ya skrubu, za kufungia sailensa. Bunduki nyingi za siku hizi zinatoka kiwandani zikiwa nazo. Yangu niliinunua kwa mtu, ya miaka mingi, mdomo wake mtupu.

Nikapiga simu kwa mafundi. Wa kwanza alisema dola 75, niiache asubuhi, jioni niichukue. Wa pili, mzee mmoja mwenye karakana nje kidogo ya Houston, alisema dola 140, tena foleni ni wiki tatu. Karibu mara mbili kwa kazi ileile, nilivyodhani. Kabla ya kumjibu yeyote nikampigia baba mdogo Dar es Salaam. Hajawahi kugusa bunduki, lakini amekereza shafti na bushi pale mtaa wa Gerezani tangu mimi sijaanza shule.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, huyo wa bei rahisi anapima kwa kufuata tundu au anafuata ganda la nje?"

Sikujua. Nikampigia tena fundi wa kwanza nikamuuliza, naye akajibu bila kusita kwamba anafuata nje. Hapo nikaelewa tofauti ya dola 65 imetoka wapi. Tundu la mtutu hutobolewa kwa keekee ndefu, na keekee ndefu hukengeuka kidogo inavyozidi kuingia. Tundu na ganda la nje havishiriki kitovu kimoja kila mara. Ukikata thredi kwa kufuata ganda, sailensa itakaa upande, risasi igonge kuta za ndani yake. Ukibahatika utaharibu kifaa cha mamia ya dola. Usipobahatika, vipande vya chuma vitaruka mbele ya uso wako. Nikaweka nafasi kwa yule mzee.

Siku yangu ilipofika aliniruhusu nisimame kando nitazame, na nashukuru alifanya hivyo. Alifungua mtutu kutoka kwenye kitako, akaukamata kwenye mashine ya kukereza, kisha akaingiza ndani ya tundu fimbo nyembamba ya chuma inayokaa bila kucheza. Juu ya fimbo akaegemeza geji yenye uso kama wa saa, inayosoma sehemu ya elfu ya inchi. Akazungusha mashine kwa mkono, polepole. Kwa nje mtutu ulionekana umetulia kabisa, lakini sindano ya geji ilikuwa inakwenda na kurudi. Akalegeza skrubu moja, akakaza ya upande wa pili, akazungusha tena. Alirudia hivyo karibu nusu saa, hadi sindano ikasimama kama imelala. Nusu saa nzima, na chuma hakijakatwa hata chembe! Pale ndipo fedha yangu ilipokuwa inakwenda, na sikuionea uchungu.

Tatizo likaja kwenye unene. Kipimo cha kawaida kwa bunduki za .30 ni inchi 5/8 kwa thredi 24 kwa inchi. Mtutu wangu mdomoni ulikuwa na inchi 0.66, na 5/8 ni 0.625. Bega la kuegemea sailensa, yaani ngazi inayobaki thredi zinapoishia, lingebaki jembamba mno, na sailensa isipopata bega pana haikai wima. Mzee akanipa njia mbili: tukate thredi ndogo ya 9/16, kisha nihangaike kutafuta adapta, au tufupishe mtutu kutoka inchi 22 hadi 20, kwa sababu unanenepa kadiri unavyorudi nyuma. Sheria inataka mtutu wa raifo usipungue inchi 16, kwa hiyo tulikuwa mbali na mpaka. Risasi ingepoteza kasi kidogo tu. Nikachagua kufupisha, hasa nikifikiria urefu wa bunduki nzima ikiwa na sailensa mle ndani ya kibanda cha kuotea.

Kufupisha na kusawazisha upya ukingo wa mdomo aliongeza dola 60. Kofia ya kulinda thredi sailensa isipofungwa, dola 20. Kupaka rangi nyeusi mahali palipobaki peupe, dola 30. Jumla 250. Kwa kuwa nilisubiri na kuondoka nayo siku ileile, hakuhitaji hata kuiandika kwenye kitabu chake cha bunduki zinazoachwa kwake.

Ukipiga hesabu ya gharama hii, usichukue bei ya simu peke yake. Pima kwanza unene wa mtutu wako kwa kalipa, maana huo ndio utakaoamua kama utaongezewa zile dola 60 za kufupisha.

Sailensa ilipopatikana niliifunga, nikapitisha fimbo ya kupimia unyoofu, na mbele ilitokea katikati ya tundu pande zote. Uwanjani risasi zilishuka inchi mbili chini ya nilipozoea, nikarekebisha darubini. Bado tunavaa vizibo vya masikio, mimi na binti, lakini alipofyatua mara ya kwanza hakushtuka.

Picha ya thredi nilimtumia baba mdogo. Alikaa kimya saa nzima, kisha akatuma ujumbe wa sauti: "Pale begani kona ameikata safi, hakuacha mkunjo. Mfikishie salamu zangu." Jumamosi nikaendesha hadi kwa mzee kumfikishia.