Deni Sifuri

Mwaka 2017 mjomba wangu, mnunuzi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, alinipa kazi ya kuhamishia madeni ya wateja wake kwenye kompyuta. Nilikuwa na miezi michache tu ya PHP, lugha ya kuandikia programu, na kiburi cha miaka kumi. Nikaandika klasi (fungu la programu) ya Mteja, na ndani yake methodi, yaani kipande kinachofanya kazi moja, niliyoiita deniLa: unaipa jina, inakurudishia deni. Nilijaribu majina yaliyomo, yote yakakubali. Kujaribu jina lisilokuwemo hakukunijia akilini.

Siku za mbalamwezi zikafika. Wavuvi hawatoki, maana taa zao hazivuti dagaa kukiwa na mwanga wa mwezi, bei inapaa, na mjomba hakopeshi ovyo. Akaja mama mmoja, mteja wa siku nyingi. Kijana wa dukani akaandika "Mwanjuma" badala ya "Mwajuma". Skrini ikajibu: Deni: 0. Mama akaondoka na magunia manne.

Jioni mjomba akafungua daftari lake la karatasi, ambalo kwa bahati hakuwa amelitupa. Laki tatu na themanini.

"Mpwa wangu," akaniambia, "nikikutuma Ujiji ukamjulie hali mzee fulani, ukaikosa hata nyumba yake, utarudi kuniambia hajambo?"

"Hapana, Mjomba."

"Sasa hiyo mashine yako?"

Usiku nikafungua msimbo wa programu. fetchColumn ya PDO, amri ya PHP ya kuchota thamani moja kwenye hifadhidata, isipopata mstari hurudisha `false` (si kweli), nami nilikuwa naipitisha hivyo hivyo hadi kwenye number_format, amri ya kuipanga namba isomeke, ambayo kwake `false` ni 0. Nikaona dawa ni rahisi: nikatangaza kwamba methodi inarudisha `int`, yaani aina ya data ya namba kamili. Nikajaribu tena Mwanjuma. Deni: 0! Bila strict_types, agizo la kukaza ukaguzi wa aina, PHP huigeuza `false` kuwa sifuri kimyakimya, tena sasa uongo una muhuri wa aina. Nikawasha strict_types, ikagoma hata kwa wateja wanaojulikana, kwa kuwa hifadhidata ilikuwa ikileta namba kama maandishi. Hapo nilitukana kidogo.

Karibu na alfajiri nikaelewa kwamba swali la mjomba lina majibu mawili ya aina tofauti: anadaiwa kiasi hiki (hata kama ni sifuri), au simjui. Nikabadilisha kuwa `?int` (namba kamili, au `null`, yaani hakuna thamani), iliyoingia na PHP 7.1. Kwanza nauliza kama kilicholetwa na fetchColumn ni `false`. Ikiwa ndiyo, narudisha `null`, na ukurasa unaandika "Jina hili halimo". Ikiwa siyo, ndipo nageuza kuwa namba. Orodha ya malipo nikaiacha irudishe safu tupu, kwani mteja ambaye hajalipa bado ana orodha, ila haina kitu.

Wiki iliyofuata yule mama akaja kulipa, deni la zamani na jipya.

"Siku ile mliponiambia sifuri," akasema huku akihesabu noti, "nikajua mmenisamehe."

Mjomba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.