Nilivyochagua modeli ya msukosuko kwa LES

Ukifungua programu ya simulesheni ya mtiririko na kuchagua LES (large-eddy simulation, mbinu ya kuiga vizunguko vikubwa vya msukosuko), unakuta orodha ya modeli: Smagorinsky, WALE, modeli za mlinganyo mmoja, za dainamiki. Nilikuwa na kazi ya kuiga upepo unaopita kwenye nguzo ya duara, na sikutaka kuchagua modeli kwa sababu tu kila mtu anaitumia.

Kwa hiyo kabla ya nguzo yenyewe niliziweka modeli kwenye mtihani wenye majibu: silinda kwa namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu za mwendo kwa nguvu za mnato, yaani uzito wa kimiminika au hewa kukataa kutiririka) 3900, ambayo imepimwa sana maabara. Kigezo cha ukinzani ni karibu 1, namba ya Strouhal (kipimo cha mara ngapi vizunguko huachana na silinda) karibu 0.21, na eneo la mkondo unaorudi nyuma ya silinda lina urefu wa takriban kipenyo kimoja na nusu.

Katika LES, vizunguko vikubwa vinakokotolewa vyenyewe. Meshi, yaani gridi ya seli ndogo za kukokotolea, ni chekecheke. Vinavyopenya matundu yake modeli huvifidia kwa kuongeza mnato. Basi kila modeli niliiuliza swali moja: unaongeza mnato hata pasipo na msukosuko?

Smagorinsky, ya mwaka 1963, huongeza. Hukadiria mnato kwa kuangalia kasi inavyobadilika kutoka nukta hadi nukta, basi penye ukuta, ambapo kasi hubadilika sana, huona msukosuko hata kama mtiririko umetulia tuli. Halafu kuna kigezo chake, Cs. Kwa msukosuko ulio mbali na kuta hutumika karibu 0.17, kwenye mifereji watu hushuka hadi 0.1. Msidharau tofauti hiyo: Cs iko kwenye kipeo cha pili, kwa hiyo kushuka huko kunaacha theluthi moja tu ya mnato.

Kilichonisaidia kuliko majedwali ni kuchora uwiano wa mnato wa modeli kwa mnato halisi wa hewa. Kwa Smagorinsky, utepe wa mnato wa modeli ulionekana wazi mabegani mwa silinda na kuendelea kwenye tabaka jembamba linaloachana na ukuta. Kwa Reynolds 3900 tabaka hilo linapoanza bado ni tulivu, msukosuko huzaliwa mbele kidogo. Ukilitia mnato wa bure unachelewesha uzazi huo, na eneo la nyuma linarefuka. Kwa WALE ya Nicoud na Ducros (1999) utepe ule ulififia, maana imeundwa ili mnato ufike sifuri ukutani bila kurekebishwa kwa mkono. Ina kasoro yake: katikati ya kizunguko kinachozunguka kama gurudumu bado huweka mnato. Mimi nilivumilia hilo.

Modeli ya dainamiki ya Germano na wenzake (1991) hujikokotolea kigezo kutokana na mtiririko wenyewe. Kinadharia naipenda zaidi, ila kigezo hicho huruka hadi chini ya sifuri, ikabidi kukichukulia wastani kwenye mhimili wa silinda. Umbo likiwa na kona nyingi, mhimili wa kuchukulia wastani huna.

Neno la pembeni kwa wanaoanza: nilipobadili mbinu ya kukokotoa usafirishaji wa kasi, kutoka ile inayoegemea upande wa juu wa mkondo kwenda ya kati, majibu yalisogea kuliko nilipobadili modeli. Mbinu ya kwanza ina mnato wake wa siri, unaomeza kazi yote ya modeli. Irekebisheni hiyo kwanza.

Nikaenda kwenye nguzo na WALE. Nguzo ya kipenyo cha sentimita 30 kwenye upepo wa mita 10 kwa sekunde ina Reynolds ya karibu 200,000, jirani na pale ukinzani wa silinda unapoporomoka ghafla. Huko tabaka la ukutani ni jembamba mno, na seli nyingi nilizokuwa nazo nilizipeleka karibu na ukuta, nikaiacha meshi ya mbali iwe na matundu makubwa.