Baba alipokuwa akiganda mlangoni, na nilivyomkwamua kwa utepe

"Huyo mkaidi tu, mvuteni." "Mkimdekeza atalemaa." Nimeyasikia hayo kutoka kwa watu wazima wenye akili zao, kila baba yangu alipofika mlangoni akaganda. Ana ugonjwa wa Parkinson. Anataka kwenda, magoti yanatetemeka, lakini nyayo hazitoki sakafuni. Ukimvuta mkono, kiwiliwili kinatangulia, miguu inabaki, mnaanguka wawili.

Daktari alinieleza, ila kwa kasi ya mtu mwenye foleni nje. Mengine nikajisomea. Kwenye shina la ubongo kuna eneo dogo jeusi, na weusi huo ni rangi iliyomo ndani ya seli zenyewe. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayofanya miendo tuliyoizoea ijiendeshe bila kuifikiria: kutembea, kujigeuza kitandani, hata kutabasamu. Kwa mgonjwa, protini iitwayo alfa-sinukleini hurundikana humo na seli zinakufa pole pole. Mkono ukianza kutetemeka, nyingi zimeshakwenda. Harufu hupotea mapema zaidi. Baba alilalamika miaka mingi kwamba chakula hakinukii, nasi tukamlaumu mpishi. Mpishi ni mimi.

Kilichonifungua macho ni ngazi. Baba huyohuyo aliyeshindwa kuvuka kizingiti alikuwa akipanda ngazi vizuri kabisa, na waliomwona wakapata ushahidi kwamba anaigiza. Kumbe kinachoharibika ni ule mwendo wa kujiendesha. Mguu ukipewa kitu cha kulenga kwa macho, ubongo hutumia njia nyingine ambayo bado inafanya kazi. Kila kidato kinamwambia mguu utue wapi. Basi nikaamua kumwekea ngazi sakafuni.

Kaka yangu, ambaye huuguza kwa simu, akashauri nibandike utepe mrefu kutoka kitandani hadi mlangoni, baba aufuate kama dereva afuatavyo mstari wa barabara. Haya, nikabandika. Nikapiga magoti, nikaulainisha kwa kiganja mpaka ukanyooka. Baba akasimama juu yake, akautazama, akanitazama mimi. "Sasa?" Akaganda palepale, safari hii akiwa amenyooka sawasawa na mstari.

Nikaubandua wote, nikakata vipande na kuvilaza kwa kukingama njia, nafasi kati ya kimoja na kingine ikiwa hatua moja ya baba, si yangu. Rangi nikachagua inayopingana na sakafu. Kwenye kizingiti, kimoja kabla na kimoja baada. "Baba, vuka mstari." Akainua goti juu kabisa, akavuka. Akavuka wa pili. Alifika sebuleni kwa mwendo ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu, nami nyuma yake nimenyoosha mikono kama mdaka mpira. Aligandia kwenye kugeuka tu, kwa sababu kule sikuwa nimebandika kitu. Siku hizi anageuka kwa duara pana, kwa hatua, hajizungushi pale aliposimama. Utepe haukunigharimu chochote cha kutaja. Kinachosumbua ni kingo zinazobanduka, maana zitamkwaza, na gizani mistari haionekani, kwa hiyo taa ndogo inawaka usiku kucha.

Mistari haiponyi, na dawa pia haizuii seli kufa. Levodopa, dawa anayomeza, hugeuzwa kuwa dopamini ubongoni, basi. Lakini nayo ina visa vyake: hugombania njia na protini ya chakula, kuanzia utumbo hadi ubongo. Jirani alisisitiza ameze na maziwa "yasimchome tumbo", na siku hizo dawa ilichelewa kushika hadi tukadhani imechuja. Sasa anameza kwa maji, nusu saa kabla ya kula kama daktari alivyotupangia, na kwa saa ileile. Wageni waliokaa mezani watasubiri.

Nje ya nyumba hakuna utepe. Akiganda, namshika kiwiko bila kuvuta, namwacha atulie, kisha natanguliza mguu wangu kwa kukingama mbele yake aukiuke. Kaka alipotutembelea akaona, akajaribu, ikamkubali. Sasa anawasimulia watu kwa simu kwamba ni yeye aliyeugundua ujanja huo.