Taa iliyokuwa ikitoka jasho

Yule mwenye baiskeli nilimwona nikiwa nimeshamkaribia mno. Ilikuwa Januari, saa mbili usiku, natoka Lindi, nimeshapita Mnazi Mmoja narudi nyumbani Mikindani, na mvua ndiyo kwanza imekatika. Alikuwa kushoto na magunia yake mawili ya mkaa, na taa yangu ya upande huohuo ilikuwa inatoa mwanga kama kibatari ndani ya chandarua. Nilimkwepa. Akanitupia maneno ambayo nilistahili.

Asubuhi nikachuchumaa mbele ya gari. Taa ya kulia ilikuwa na ukungu mwembamba kwenye kona, basi. Ya kushoto ilikuwa na matone yanayotiririka kwa ndani, na chini maji yametuama kama kijiko kimoja cha chakula. Mwanangu akauliza kama tunaweza kutia samaki.

Sitadanganya, tatizo hili nilikuwa naliona tangu mvua zilipoanza Desemba. Nilikuwa najiambia ni unyevu wa bahari tu, na kwa taa ya kulia ilikuwa kweli. Taa ya gari haifungwi ikazibika kabisa. Ukiiwasha, hewa ya ndani inapata moto, inatanuka na kutoka kwenye vijitundu vya kupumulia vilivyo nyuma. Ukiizima inapoa na kuvuta hewa ya nje, na hewa ya pwani yetu wakati wa mvua unaweza kuikamua. Ikikutana na plastiki iliyopoa inageuka umande. Ukungu wa namna hiyo ukiondoka baada ya nusu saa ya kutembea na taa zikiwaka, uache. Maji yakituama, kuna mahali yanaingilia.

Fundi wa kwanza aliangalia mara moja tu. "Bosi, hii dakika mbili," akafuata drili. Alitaka kutoboa matundu mawili chini ili maji yatoke. Nikamuuliza, nikipita kwenye dimbwi je? Akacheka, "Si yatatoka tena?" Nikamshukuru, nikaondoka na taa yangu nzima.

Nikajaribu mchele ndani ya soksi, nimeuning'iniza kupitia tundu la balbu usiku kucha. Ulipunguza ukungu kidogo. Mvua iliyofuata ikarudisha kila kitu. Nikakausha kwa jua, maji yakarudi. Nikakausha tena, yakarudi tena. Ndipo nikaona ninachota maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Jumamosi nikachomoa waya hasi wa betri, nikalegeza bampa, nikafungua boliti tatu kwa spana namba 10 na kuitoa taa yote. Nikaigeuza, na aibu ikaanza. Kile kifuniko cha mpira kinachokaa nyuma ya balbu hakikuwepo. Nikakumbuka: mwaka uliotangulia nilifungiwa balbu za LED zenye feni mgongoni. Feni iligoma kukaa na ule mpira, fundi akautoa, nami nilikuwa nimesimama palepale nasifia mwanga. Isitoshe, balbu za LED joto lake linatolewa kwa nyuma, mbele plastiki inabaki baridi, kwa hiyo hata ukungu mdogo haukauki. Zile za zamani za halojeni zinachoma, lakini zinakausha.

Kijibomba cha kupumulia nacho kilikuwa kimezibwa. Nyigu wale wanaojenga kwa udongo walishakiona ni nyumba. Nikauchokonoa udongo kwa njiti ya fagio, ukatoka mkavu kama kipande cha kigae.

Hapo ningeweza kuridhika, ila kijiko kizima cha maji kilinitia wasiwasi. Nikafanya anavyofanya fundi baiskeli akitafuta pancha. Nikaziba tundu la balbu kwa mfuko wa nailoni na mpira wa kufungia, nikapaka povu la sabuni kwenye mshono wote ambapo plastiki ya mbele imegundishwa na kasha la nyuma, kisha mwanangu akapuliza taratibu kwenye kijibomba. Kimya. "Puliza tena, baba." Juu, kwenye kona ya ndani inayofichwa na boneti, povu likaanza kutoa vijipovu vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine. Mshono ulikuwa umeachia kama urefu wa ukucha wa kidole gumba. Kila mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanashuka kwenye boneti na kuingia papo hapo.

Kukausha nilitumia draya ya saluni ya shemeji, kwenye moto mdogo, nimeishika mbali, nikipuliza kupitia tundu la balbu. Ukiisogeza karibu sana, plastiki inajikunja. Sikuridhika na doa moja kule ndani, nikaingiza kitambaa kwa waya nikasugua ile sahani inayong'aa, kioo cha ndani kinachorudisha mwanga. Kosa kubwa. Ule mng'ao ni utando mwembamba mno. Ukabanduka, na leo kuna alama nyeusi ukubwa wa punje ya maharage. Doa la maji lingekaa pale bila kumdhuru mtu.

Kwenye ufa nilipaka silikoni nyeusi ya magari, baada ya kusafisha kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na kuacha pakauke. Petroli na thina usiguse, zinaifanya plastiki ya taa ipasuke nyufa ndogondogo. Nilikuwa na silikoni ya madirisha nyumbani, fundi vioo jirani yangu akanikataza: "Mzee, ile inayonuka siki usiweke humo, itakula kioo chako cha ndani." Nikaacha usiku kucha ishike.

Kifuniko cha mpira nilikipata kwenye spea za mtumba mjini, baada ya kujaribu vinne. Balbu nikarudisha halojeni, aina ya H4, wati 60 mwanga wa juu na 55 mwanga wa chini, nikaishika kwa tishu maana mafuta ya vidole yanaifanya ipasuke ikipata moto. Mwanga wake ni wa njano, vijana wa bodaboda wamenitania. Kisha nikamwagia mpira wa maji pale kwenye kona dakika kumi nzima, tishu kavu ikiwa imelala chini ndani ya taa. Tishu ikatoka kavu. Hapo ndipo nikafunga mpira wa nyuma na kurudisha bampa.

Mvua za Februari na Machi zimepita juu yake. Asubuhi nyingine ukungu unaonekana kidogo, nikifika Mtwara mjini na taa zikiwaka umepungua, nikigeuza umeisha. Pale kwa waosha magari nawaambia mashine ya presha wasiielekeze kwenye mishono ya taa. Wananiitikia halafu wanafanya wanavyojua.

Draya bado iko kwangu. Shemeji ameshaiulizia mara tatu, na mara ya tatu hakusalimia.