Tamari Aliambiwa Anyamaze

Wapendwa katika Bwana, kuna neno lililosemwa katika maombi yetu juma hili ambalo limeninyima usingizi. Dada mmoja alianza kueleza jinsi usiku unavyomtesa tangu alipofanyiwa ukatili, na kabla hajafika mbali akakatizwa, kwa upole kabisa, kwamba asiyakumbuke ya kale kwa kuwa yeye ni kiumbe kipya. Watu wakaitikia Amina, naye akaketi.

Nimerudi kwenye 2 Samweli 13. Tamari, binti wa mfalme Daudi, alipobakwa na kisha kufukuzwa na Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja, hakujificha: alitia majivu kichwani, akairarua kanzu yake, akaenda zake akilia kwa sauti. Absalomu, kaka yake wa tumbo moja, ambaye bila shaka alimpenda, alimwambia anyamaze, maana aliyemtenda ni ndugu yake, wala asilitie jambo hilo moyoni. Daudi alighadhibika sana alipopata habari, lakini hatusomi popote kwamba alimwita binti yake amsikilize. Tamari akabaki katika ukiwa nyumbani mwa Absalomu, na jambo lililozimwa likazaa mauaji baada ya miaka miwili mizima, Absalomu alipoamuru Amnoni auawe.

Wazee wangu na mama zangu, nisameheni nikisema wazi: tunapomnyamazisha aliyebakwa, au aliyenusurika vita, au mtoto aliyeshuhudia mzazi wake akiuawa, tunalirudia neno la Absalomu kwa lugha ya kanisa, na mara nyingi tunafanya hivyo si ili yeye apone bali ili sisi tusisikie. Majinamizi, kushtuka mlango ukibamizwa, na kukwepa kila kinachokumbusha tukio si dalili za imani haba, wala si lazima kila mara tuzitafutie pepo; ni mwili uliojifunza kujihami na bado haujaamini kwamba hatari imepita. Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi na kuvuruga maisha, mtu huyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili pamoja na maombi yetu, na kumpeleka huko si kumtoa mikononi mwa Bwana. Luka alimwamini Kristo na bado Paulo akamwita tabibu mpendwa.

Tazameni Mungu alivyomtendea nabii Eliya alipotamani kufa, katika 1 Wafalme 19. Hakumhubiria, alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena. Kule mlima Horebu alimwuliza swali lilelile mara mbili, naye Eliya akajibu mara zote mbili kwa malalamiko yaleyale, na Bwana hakumwambia kwamba hayo ameshayasema. Kisha akampa Elisha awe mtumishi wake, ili asiendelee peke yake. Wala Eliya hakuburutwa ili aseme, kwa hiyo nasi tusimshurutishe mtu kufungua jeraha mbele ya kusanyiko.

Juu ya msamaha nitasema machache: haumlazimishi mtu kurudi kukaa na aliyemdhuru, wala haufuti kesi iliyoko mahakamani.

Nawe uliyejeruhiwa, ndugu yangu, Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na Roho Mtakatifu hakuona aibu kuiacha miongoni mwa sala zetu. Iombe kama ilivyo, bila kuiongezea shangwe usiyo nayo. Chagua mtu mmoja unayemwamini umweleze kadiri unavyoweza, na ukishindwa kumpata, mwombe mchungaji wako akusindikize kwa mshauri nasaha.